UZI: Unahamia Ujerumani kusoma au kufanya kazi? Tafuta anwani kabla ya tiketi

nesi_wa_pangani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jamvi.

Kila wiki napata ujumbe kutoka kwa vijana waliopata viza ya Ujerumani, wengi wao wa mafunzo ya uuguzi, na swali la kwanza karibu kila mara ni nguo za baridi. Jamani, koti utalipata huku huku, hata la mtumba, tena zuri. Kinachowatesa wageni hapa ni karatasi. Hii nchi inaendeshwa kwa barua, barua inakwenda kwenye anwani, na mtu asiye na anwani iliyosajiliwa ni kama hajafika.

Mimi nipo Kassel. Nilisoma uuguzi hapa kwa miaka mitatu, nimehitimu na sasa nipo wodini. Naandika kwa sababu yaliyonipata mwezi wa kwanza yangeweza kuepukika kama kuna mtu angenikalisha chini nikiwa bado Tanga.

Nilipata chumba kupitia kikundi cha mtandaoni. Mwenye nacho alikuwa mpangaji, ananipangisha mimi bila mwenye nyumba kujua. Bei nzuri, picha nzuri, nikatuma pesa ya mwezi wa kwanza nikiwa bado nyumbani. Nilipofika nikamwomba anisainie karatasi inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung, akakataa. Lishike hilo neno hata kama ulimi unagoma. Ni karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mwenye nyumba anathibitisha kwamba umehamia kwake tarehe fulani, na sheria inamtaka aitoe. Bila hiyo, ofisi ya wakazi haikusajili. Na usajili, wenyewe wanauita Anmeldung, unatakiwa ufanyike ndani ya wiki mbili tangu uhamie.

Sasa angalia mnyororo ulivyonikaba. Sikusajiliwa, kwa hiyo namba yangu ya kodi, ile ya tarakimu 11 inayoletwa kwa posta, haikuja. Mwajiri hakuwa na namba, akanikata kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo zito kuliko yote. Benki niliyoiendea ikataka cheti cha usajili. Kadi ya bima ya afya ilitumwa kwenye kile chumba, lakini jina langu halikuwepo kwenye kisanduku cha barua, ikarudishwa. Huku tarishi hatazami namba ya chumba, anatazama jina lililobandikwa kwenye kisanduku na kwenye kengele. Jina halipo, barua inarudi ilikotoka. Nilikaa wiki sita hivyo, mshahara wa kwanza umenyofolewa, mpaka nikapata chumba kwenye bweni la shule ya uuguzi. Kodi iliyozidi nilirudishiwa baadaye, lakini zile wiki sita nilikula mkate na chai.

Kwa hiyo kabla hujalipa senti kwa mtu yeyote, mwandikie swali moja: je, utanisainia Wohnungsgeberbestätigung, na jina langu litakaa kwenye kisanduku cha barua? Akizungukazunguka, achana naye hata kama chumba kina dirisha la kutazama mto.

Na kama mwajiri au shule ina bweni, chukua bweni. Hata kama ni dogo. Hata kama mnagawana jiko watu wanane. Utahama baada ya miezi sita ukiwa na karatasi zako zote mkononi.

Mengine ya nyumba kwa haraka. Bei utaiona imeandikwa mara mbili: Kaltmiete ni chumba kitupu, Warmmiete ni pamoja na kupasha joto, maji na takataka. Umeme mara nyingi ni mkataba wako mwenyewe. Dhamana haivuki mara tatu ya Kaltmiete, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Kuhama ni lazima utoe taarifa ya miezi mitatu kwa maandishi yenye saini.

Naendelea chini. Ulizeni.

---

kijana_wa_moro

Dada asante sana, umenigusa pabaya. Mimi naanza mafunzo ya uuguzi mwezi wa tisa. Kuna jamaa kanipa chumba, anataka dhamana na mwezi wa kwanza kabla sijafika, mkataba ananiambia tutaandika nikifika. Halafu kuna rafiki yangu, muuguzi mwenye leseni, wakala anamwambia atoe milioni nane ndipo amtafutie hospitali. Hiyo ni kawaida?

nesi_wa_pangani

Mdogo wangu, kwanza la chumba: usitume. Mwambie akutumie mkataba uliosainiwa na hiyo karatasi niliyoitaja. Uliza pia shule yako kuhusu bweni, leo leo.

La rafiki yako nalijibu kwa uzito, maana hapa ndipo watu wanauza shamba la baba yao. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo kwenye orodha ya 2023. Kanuni za ajira za Ujerumani zinasema kuandikisha watu wa afya na uuguzi kutoka nchi za orodha hiyo ni kazi ya shirika lao la ajira la serikali peke yake, Bundesagentur für Arbeit. Wakala binafsi haruhusiwi. Muuguzi kuomba kazi mwenyewe, kwa jina lake na barua pepe yake, inaruhusiwa kabisa. Mimi niliomba mwenyewe: nilituma maombi kwa shule 31, zikajibu nne, moja ikanichukua.

Kwa hiyo anayemdai milioni nane anauza kitu ambacho kwa upande wa Ujerumani hana ruhusa ya kukiuza. Na hata kwa kazi zisizo za afya, wakala wa Tanzania anatakiwa awe na kibali. Nendeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, mkaulize jina lake lipo au halipo. Kuuliza ni bure.

Hizo milioni nane akaziweke kwenye lugha. Goethe-Institut, wanaofundisha Kijerumani, ipo Dar. Kwa muuguzi anayetaka leseni yake itambuliwe, B2, ngazi ya nne kati ya sita za lugha, ndiyo inayotakiwa kwa kawaida. Na nasema kwa uchungu: B2 ya cheti na B2 ya wodini ni vitu viwili. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi wa miaka 90 asiye na meno, anaongea lahaja ya kijijini. Sikuelewa hata neno moja katika matatu. Nilitoka nikalia chooni, nikarudi, nikamwomba aseme polepole, akanishika mkono akarudia. Someni lugha kwa kusikiliza watu wanaoongea, msisome kwa kujaza mapengo kwenye vitabu tu.

Rafiki yako ajue pia kwamba leseni ya Tanzania haitambuliwi siku anayotua. Watalinganisha masomo yake na ya kwao, watampa barua inayoeleza mapungufu, kisha atachagua kufanya mtihani au kipindi cha mafunzo ya kuziba pengo. Katika muda huo atafanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi. Wengi hawaambiwi hili, wanafika wanaona wamedanganywa.

---

baba_wanne

Binti yangu, mimi ni mzee ninayesoma tu humu. Mwanangu naye anajiandaa na safari hiyo. Mambo ya huko umeyaeleza vizuri. Mambo ya huku nyumbani ayaweke sawa yapi kabla ya kuondoka?

nesi_wa_pangani

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeuliza, maana wengi tunakimbilia viza tunaacha nyumba haijafungwa.

La kwanza ni majina. Sisi cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, NIDA wameandika kwa herufi nyingine, pasipoti ikafuata NIDA. Nyumbani tunaelewana. Huku karani anaona watu wanne tofauti. Tofauti ya herufi moja ilinichelewesha miezi miwili. Amalize RITA kama cheti kina kasoro, aape kiapo cha majina kwa wakili kama kuna tofauti isiyorekebishika, na pasipoti iwe ndiyo kiongozi. Vyeti vyote vitafsiriwe Kijerumani na mtafsiri anayetambulika, na aje na vyeti halisi, si nakala peke yake. Vibebwe kwenye mkoba wa mkononi, visiingie kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege.

La pili ni laini ya simu. Benki na mitandao ya pesa hutuma namba za siri kwenye laini iliyosajiliwa. Asiiache ikafungwa kwa kutotumika. Aje nayo, na aiwekee salio mara kwa mara.

La tatu, kama alisoma kwa mkopo wa HESLB, deni halibaki uwanja wa ndege. Apange namna ya kulilipa akiwa nje.

La nne, kama ana kiwanja, pikipiki, au kesi yoyote ya mirathi, aandike hati ya uwakilishi kwa mtu anayemwamini, ieleze wazi mipaka yake. Kuitengeneza ukiwa nje ni safari ya ubalozini Berlin na gharama juu.

Na mzee, nisamehe kwa hili, lakini kaeni naye mzungumze pesa za kutuma nyumbani kabla hajapanda ndege. Mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa kwanza, kwa taasisi zinazofuata mishahara ya umma, mwaka 2024 alikuwa anapata kama yuro 1,340 kabla ya makato. Zikishakatwa bima ya afya, pensheni na kodi, zikatoka za chumba, kinachobaki si kile ambacho ndugu wanakifikiria wanapobadilisha kwa shilingi. Nimewaona watoto wa watu wanafanya kazi za ziada usiku ili watume mahari ya kaka na ada ya binamu, wanafeli mitihani, na mkataba wa mafunzo ukivunjika, kibali cha kukaa nacho kiko hatarini. Mwacheni miezi sita ya kwanza asitume kitu. Mkimpa ruhusa hiyo ninyi wazazi, atalala usingizi.

baba_wanne

Marahaba mama. Nimekusikia. Nitakaa naye na mama yake.

---

mkenya_leipzig

Niaje watu wangu. Mimi ni wa Mombasa, niko Leipzig mwaka wa sita. Dada amenena vyema, wacha niongeze mambo mawili.

Leseni ya gari: ya Kenya au Tanzania unaitumia miezi sita tu tangu uwe mkazi. Baadaye lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Hulazimishwi idadi ya masomo ya darasani kama anayeanza sifuri, lakini mtihani unaufanya na gari la shule ya udereva, na bila masomo kadhaa utaanguka. Nadharia unaweza kuifanya kwa Kiingereza. Mimi nilingoja mwaka mzima nikidhani leseni yangu inatosha. Usiendeshe hata siku moja baada ya hiyo miezi sita, hilo ni kosa la jinai.

Uraia: tangu Juni 2024 Ujerumani inaruhusu kuomba uraia baada ya miaka mitano, na huachi uraia wako wa kwanza kwa upande wao. Sisi Wakenya katiba ya 2010 inaturuhusu uraia wa nchi mbili. Ndugu zangu Watanzania, ninyi angalieni sana.

nesi_wa_pangani

Kweli kaka. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania unaondoka. Mtu asije kuapa hapa kwa furaha halafu akagundua kwenye msiba wa mama yake kwamba anaingia kwao kama mgeni. Kwa sisi kuna njia ya kati: ukaazi wa kudumu. Aliyemaliza mafunzo ya kazi hapa Ujerumani anaweza kuuomba baada ya miaka miwili ya kazi, akiwa na lugha na michango ya pensheni. Mimi ndiyo njia ninayoifuata.

Na kibali cha kukaa: viza unayokuja nayo ni ya miezi michache. Omba miadi ya ofisi ya wageni mapema mno, wiki ile ile uliyosajiliwa. Miji mingine miadi inachukua miezi. Muhimu ni kuomba kabla viza haijaisha. Ukiwa umeomba kwa wakati, wanakupa karatasi ya muda inayoitwa Fiktionsbescheinigung, unaendelea kukaa kihalali. Lakini kabla hujasafiri nayo nje ya nchi, waulize kwanza aina uliyopewa, si zote zinakuruhusu kurudi.

---

mwalimu_jp

Mimi nakuja shahada ya uzamili. Akaunti ile ya kuzuia pesa, ya kuthibitisha kwenye viza kwamba nitajimudu, ni kiasi gani? Na nimesikia kuna kodi ya kanisa, ni kweli au uzushi?

nesi_wa_pangani

Karibu mwalimu. Kwa mwanafunzi ni yuro 11,904 kwa mwaka, ukifika unaachiwa 992 kila mwezi. Pesa ni yako, lakini huwezi kuzitoa kwa mkupuo. Kwa hiyo njoo na akiba nyingine ya kulipia dhamana ya chumba, maana hapo ndipo wanafunzi wanapokwama wiki ya kwanza.

Kodi ya kanisa ni kweli. Siku ya usajili wanakuuliza dini. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, mwajiri atakukata kodi ya kanisa: asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, au 8 ukiwa jimbo la Bayern au la Baden-Württemberg. Si asilimia 9 ya mshahara, ni ya ile kodi. Ukiwa huna kipato cha kutozwa kodi, hukatwi. Mimi ni KKKT, nilibatizwa na nikakomaa kwenye kanisa lililoanzishwa na wamisionari wa huku huku, na nalipa kwa moyo mweupe, maana mchungaji wa hapa ndiye aliyenitafutia godoro wiki ile niliyokuwa sina. Lakini ujue unachokiandika kabla hujakiandika. Kusema uongo kuhusu ubatizo wako sikushauri, na kujitoa rasmi kuna utaratibu wake na maana yake. Kwa Waislamu haipo.

Barua nyingine itakayokuja baada ya usajili ni ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Wageni wengi wanaitupa wakidhani ni matapeli, kwa kuwa hawana hata televisheni. Usiitupe. Unadaiwa hata kama huna redio. Mkikaa watano nyumba moja, analipa mmoja mnachangiana, wengine mnaandika namba yake. Nina rafiki aliipuuza miaka miwili, deni likamfikia kupitia mwajiri wake.

Kanuni yangu kwa barua zote: ifungue siku ile ile, ipige picha, angalia tarehe ya mwisho, iweke kwenye faili. Usipoelewa, mpelekee mtu. Kila mji una ofisi za ushauri kwa wahamiaji, za mashirika ya hisani ya Caritas, Diakonie na AWO, na hazitozi pesa.

---

mama_wa_mbagala

Dada, mdogo wangu yupo huko miezi mitatu, anasema mwenye nyumba amemgombeza eti ukuta unaota ukungu mweusi. Anapika kawaida tu.

nesi_wa_pangani

Hili ni kubwa na hakuna anayetuambia. Sisi tumezoea nyumba inayopitisha hewa, feni, dirisha la wavu. Nyumba za huku zimezibwa zishike joto. Ukipika ugali, ukachemsha maharage, ukaanika nguo ndani na dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, mvuke wote unakwenda kukaa kwenye ukuta wa pembeni ulio baridi. Wiki tatu, ukungu. Na siku ya kuhama, dhamana inakatwa.

Dawa yake: asubuhi na jioni afungue madirisha wazi kabisa, yote, dakika tano hadi kumi, huku amezima kipasha joto. Kisha afunge na awashe tena. Si kuliacha limeegeshwa nusu kutwa nzima, hiyo inapoza ukuta na kupoteza joto. Kabati asiliegemeze kwenye ukuta wa nje. Na kipasha joto asikizime kabisa akienda kazini, akiache chini. Bili ya joto huhesabiwa mara moja kwa mwaka, na kama umetumia zaidi ya ulichokuwa unalipa, inakuja barua ya kuongezea. Atenge kidogo kila mwezi.

Mwambie pia Jumapili maduka yamefungwa, anunue Jumamosi. Saa nne usiku ni kimya, hakuna kutwanga wala muziki. Na kama anaumwa kazini, apige simu kabla zamu haijaanza, asisubiri wamtafute. Namba za dharura: 112 gari la wagonjwa na zimamoto, 110 polisi. Ukiumwa usiku lakini si hatari ya uhai, 116117 ni daktari wa zamu.

mama_wa_mbagala

Mungu akubariki. Nataka kumtumia mzigo na mtu anayesafiri. Embe, dagaa na samli vinapita?

nesi_wa_pangani

Samli haipiti. Nyama, maziwa na vitokanavyo havipiti, watamnyang'anya uwanjani. Samaki wakavu kwa matumizi ya nyumbani wanaruhusiwa mpaka kilo 20, kwa hiyo dagaa wanapita, wafunge vizuri wasinuke. Matunda karibu yote yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Embe zileni nyumbani kwa niaba yake. Unga wa sembe usimtumie, upo kwenye maduka ya Waafrika. Mtumie pilipili manga, iliki na picha za watoto.

---

kijana_wa_moro

Dada, narudi kutoa mrejesho. Yule jamaa wa chumba nilimwomba ile karatasi. Siku tatu hajajibu, jana amenifungia nisimwandikie tena. Sikutuma pesa. Shule nimewaandikia, wamesema bweni wana nafasi moja, ya miezi sita, kuanzia tarehe 28 Agosti.

nesi_wa_pangani

Nimefurahi sana mdogo wangu, sijui niseme nini. Chukua hiyo nafasi leo. Waandikie wakuthibitishie kwamba karatasi ya usajili itasainiwa siku unayopokea ufunguo, kisha omba miadi ya ofisi ya wakazi mtandaoni kabla hujaondoka Moro, maana wiki mbili zinaisha haraka. Na jina la kubandika kwenye kisanduku uwape lile lile la pasipoti, herufi kwa herufi.